Soketi ya Bafuni kwa Mzee Vitus

Siku ile zuzu alikuwa Modesti, na mwenyewe hakatai. Fundi aliyetandikwa na umeme tangu uanagenzi mpaka nywele zikagoma kulala, kisha anakuja kuangushwa na kidude cha kusafishia meno!

Alikuwa amepiga magoti bafuni kwa Mzee Vitus, huko Kizwite, Sumbawanga, akikaza skrubu ya mwisho. Wazee wa upande wa Modesti walishapeleka posa ya Lydia, binti wa nyumba hiyo, na Mzee Vitus hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Kwanza nione kazi yake."

Kazi ikajileta yenyewe. Lydia alikuja likizo kutoka Dodoma na mswaki wa umeme. Chaja yake ilikuwa na pini mbili, na ili ziingie kwenye soketi ya sebuleni ilibidi achomeke kalamu kwenye tundu la juu. Kila mara Mzee Vitus alipoiona kalamu ile, alifanya ishara ya msalaba.

"Utatuunguzia nyumba," akamwambia bintiye. "Muite huyo fundi wako."

Fundi wake! Modesti alikwenda dukani kwa Muhidin karibu anakimbia. Akawekewa mezani soketi mbili za bafuni, zile za mashine za kunyolea, zenye matundu mawili ya duara. Moja nyepesi kama ganda la yai. Nyingine nzito, kwa kuwa ndani yake mna transfoma ndogo inayoutenga umeme wa bafuni na ule wa nyumba nzima, ili mwenye mikono ya maji asije akarushwa.

"Beba hii nyepesi, mshikaji," Muhidin alimshauri. "Kwa nje zote sura moja."

"Naenda kuifunga ukweni, Muhidin. Nikimrusha mzee, nimejirusha mwenyewe."

Akabeba nzito.

Alipofika alimkuta Lydia bombani uani, anasugua meno kwa mswaki wa kawaida; akamtabasamia na povu lake mdomoni. Maskini, ananisubiri mimi, Modesti akawaza, na kifua kikamjaa. Mama Silvana, mamaye Lydia, aliitikia shikamoo kwa upole, ila mkono hakutoa; yote miwili aliificha ndani ya kitenge. Modesti hakujua kama ile ni baridi ya Sumbawanga au ni dharau.

Sasa soketi ilikuwa ukutani. Akawasha swichi kubwa, akachomeka testa, ikawaka. Akachomeka chaja, akasimamisha mswaki juu yake. Kitaa kidogo cha kijani kikafumbua jicho. Akaenda kunywa chai aliyokaribishwa, akarudi. Mswaki umekula moto wa kutosha.

Fundi mwenye akili zake angeubonyeza, akausikia unanguruma, akauzima, akakusanya bisibisi zake. Modesti akafunga mlango kwa komeo.

Aliuangalia ule mswaki. Ulikuwa mweupe, una ukanda wa waridi shingoni. Akakumbuka tabasamu la pale bombani. Basi akaminya dawa ya meno kidogo, akabonyeza kitufe, akautia mdomoni.

Vrrrrr! Mapenzi ya Dodoma yakamtekenya fizi mpaka machozi yakamtoka. Kumbusu binti wa watu bila kuvunja heshima ya nyumba yao, tena nyumbani mwao, baba yake amekaa sebuleni! Nani mwingine Ufipa nzima aliyewahi kuwa na akili hiyo? Akasugua juu, akasugua chini, hata magego hakuyasahau. Akausuuza mswaki, akaurudisha kwenye chaja na kutoka kifua mbele.

"Imekubali?" Mzee Vitus akauliza.

"Imekubali, mzee. Nimeijaribu mwenyewe."

"Umeijaribuje?"

"Kifundi."

Lydia alimtazama kwenye masharubu, akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia jikoni. Modesti akamsindikiza kwa macho. Mama Silvana naye aliyatazama yale masharubu, yaliyogandiwa na povu jeupe, akageuza shingo taratibu kuelekea bafuni.

"Sasa, mzee," Modesti akajipa moyo, "kazi umeiona. Na lile jambo letu?"

"Soketi nimeikubali. Binti ni jambo jingine," mzee akajibu. "Mtu wa kumpa mtoto wangu lazima niwe namjua ndani nje. Wewe hapa bado ni mgeni."

"Lakini mzee, mwaka mzima huu..."

"Mgeni! Hata ungefunga umeme mpaka kwenye banda la kuku, kwangu ni mgeni."

"Baba Lydia," Mama Silvana akasema, "huyu kijana ametoka sasa hivi kusugua meno yake kwa mswaki wangu, huo nilioletewa na Lydia kwa ajili ya vidole hivi vibovu. Kama si mkwe, niambie wewe, ni nani yangu?"