Sauti ya Kupokelea Wageni

Siku hizi kompyuta za nyumbani haziandiki maneno ya mtu aliyechoka. "Sauti yako imechoka, Mwajabu. Pumzika, kisha useme upya," kompyuta yake ilimwambia kwa upole, kama jana na juzi.

Apumzike saa ngapi? Tangu mama yake apooze miguu, yeye ndiye wa kumgeuza, kumwogesha na kumfulia. Alichotaka ni kumwandikia mdogo wake tu.

Mwishowe akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya kupokelea wageni mlangoni. "Nuru, mdogo wangu! Njoo tusaidiane kumuuguza mama, mwenzio nimeshindwa!"

Kompyuta ikaandika yote, na chini yake, kama sheria inavyotaka, ikaongeza: Imesemwa kwa furaha.

Jibu halikukawia. "Dada na utani wako! Umeshindwa huku unachekelea? Nimefurahi mko salama. Tutaonana sikukuu."

Mwajabu alikuwa bado anayatazama maneno hayo mama yake alipoita kutoka chumbani, sauti imemchangamka kuliko siku zote.

"Mwaja, nani kaja? Kama ni Nuru, nivalishe kanga safi kwanza."