Kijiko cha Kwanza

Tarehe 22 Juni. Hewa ya asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi kiasi, kavu, bila upepo, kama ilivyotangazwa.

Mama Kijiko aliinama juu ya chupa iliyokuwa mezani, katikati ya studio, akakunja pua. Ndani mlikuwa na kitu kizito, chenye kunata, rangi ya mkojo wa mgonjwa. Juu yake vilielea mguu mmoja mwembamba wa mdudu na kipande cha bawa.

"Ni matapishi kweli?" aliuliza.

Fundi taa, aliyekuwa amesoma karatasi zilizokuja na chupa, akamhakikishia kwamba ni matapishi matupu. Wadudu wanakula, wanarudisha kwa mdomo, wanatemeana kinywa kwa kinywa, kisha wanayaweka akiba ukutani mwa nyumba yao. Watu wa koloni ilikotoka chupa huja na moshi, wakawafukuza wadudu, wakawaibia, wakala.

"Tena wanalamba na vidole," akaongeza, akifurahi kumwona mama wa watu anavyorudi nyuma.

Kwa miaka tisa Mama Kijiko alikuwa mtunza vifaa wa tamthilia ile ya televisheni, ile ya koloni la binadamu lililopotea angani, likasahaulika vizazi na vizazi, hadi watu wake wakawa kama wanyama. Uchafu wote wa tamthilia ulipita mikononi mwake, lakini ulikuwa uchafu wa uongo: vidonda vya mpira, minyoo ya gundi, damu ya rangi. Na kazi ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Chochote kitakachoingia kinywani mwa mwigizaji, mtunza vifaa hukionja kwanza mbele ya wote, kisha hutamka neno moja: "Salama", au "Hapana". Akisema hapana, kitu kinatupwa, wala hakuna wa kumuuliza. Hilo jina la Kijiko lilitoka hapo.

Sasa koloni lenyewe lilikuwa limepatikana. Si lile la kuigiza. La kweli, lenye watu wanaopumua. Waliolipata walirudi na picha ambazo Mama Kijiko alishindwa kuzitazama hadi mwisho, watu wakitafuna nyama mfupani, wakilala pamoja na wanyama wenye manyoya, na wanyama hao wakiwalamba nyuso. Walirudi pia na chupa hii moja.

Wenye televisheni wakaamua kupeleka mwigizaji akaishi huko na kupigwa picha. Safari ya kwenda tu, bila kurudi, ni miaka sita. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba atakayeweza kula wanachokula wale watu, ndiye atakayekwenda. Waigizaji wanne walijitokeza. Watatu walijitoa jana kwa kuinusa tu chupa, na mmoja wao hadi leo alikuwa bado na ndoo yake.

Wa nne alikuwa binti wa Mama Kijiko, mtoto wake wa pekee.

Alisimama kwenye mwanga wa taa, amevaa matambara ya koloni, ametulia kama anayesubiri lifti. Mama yake alikwisha kumsihi walipokuwa wakinywa chai, akamsihi tena njiani, akamkumbusha kwamba baba yake hayupo na kwamba wamebaki wawili tu. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, tangu nikiwa mdogo unanipigisha magoti niwaombee walio mbali," alisema. "Leo nakwenda kuwaona, unalia?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Kijiko alijua kwamba neno moja lake lingemaliza mambo yote. Aseme hapana, chupa iende kwenye pipa, na chupa nyingine hakuna. Mwanawe angebaki. Nani angejua?

Akachovya kijiko. Alipokiinua, uzi mrefu ukaning'inia, ukakataa kukatika. Akafumba macho, akamwomba Mungu mambo mawili: asitapike, na asiongope. Hakujua lipi lilikuwa gumu zaidi.

Matapishi yakagusa ulimi wake.

Alisubiri uvundo. Haukuja. Kilichokuja hakuwa na jina la kukiita, lakini ulimi wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ulitoka kutafuta kilichobaki kwenye kijiko. Hapo ndipo alipojichukia kweli, kama mtu aliyejikuta amelamba sakafu ya choo na bado anataka tena.

"Mama Kijiko, tunakungoja," mwongozaji alisema.

Akamtazama mwanawe.

"Salama," akasema, na neno hilo likamtoka kama jino linalong'olewa.

Binti akapokea kijiko, akala. Hakutapika. Alifumba macho, akatabasamu peke yake, akaomba cha pili. Mwongozaji akampa mkono, akasema safari ni yake. Fundi taa akamtania kwamba ajizoeze kula kwa viganja, maana vijiko huko huenda havipo.

Mama Kijiko alikifuta kijiko chake taratibu, akakitia mfukoni.

"Huko nani anaonja?" akauliza.

Mwongozaji akapekua karatasi za safari. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Basi andikeni majina mawili," akasema, akapandisha sauti ili hata walioko nyuma ya kamera wasikie. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: mwanangu hatatia kitu kinywani kabla yangu, hata kwenye sayari hiyo chafu ambayo wenyewe wanaiita Dunia."