Bado Unatumika

Niliporudi na maandazi asubuhi, mlango wetu ulifunguka, lakini haukunisalimu. "Ni mimi, Shomari," nikauambia. Nyumba ikajibu kwa upole kwamba humu hamna mtu wa jina hilo. Kisha ikaniwashia feni na kunipashia chai yangu, kama kawaida.

Mke wangu Nasra alikuwa anachambua mchele.

"Nilikufuta jana kwenye mfumo wa nyumba," alisema bila kuniangalia. "Nashangaa bado upo."

Nikampigia simu fundi wa mfumo huo. Akaniambia ndivyo nyumba zote zilivyoundwa siku hizi. Jina hufutwa papo hapo, lakini mwenyewe haondolewi mpaka anayemtumia amalize, isije mtu akapokonywa kitu alichokishika.

"Sasa nani ananitumia?"

"Hilo mfumo hausemi, kaka."

Nilishinda nikizunguka vyumbani, sielewi kitu. Nasra si yeye. Watoto hatuna. Hata paka hanihitaji.

Jioni, kama kila siku, nikakaa kumsomea mama mkwe gazeti, maana macho yake hayaoni tena. Nikasoma siasa, nikasoma bei za vitunguu, nikasoma tanzia. Nilipofungua ukurasa wa mwisho, nikasikia mlango wa nje ukifunguka wenyewe. Hakuingia mtu, wala haukujifunga.

Mama mkwe akapiga miayo. "Bado nyingi, baba?"

Nilitazama habari za mpira, ambazo mama hata hazipendi, na mistari minne iliyobaki.

"Bado nyingi, mama," nikasema, nikaanza kutunga habari.