Nyayo za Mnadani

Kabla jua halijachomoza vizuri, mama yake Masalu alikuwa ameshafagia uwanja mara ya pili, akirudi kinyumenyume ili asiache hata unyayo mmoja nyuma yake. Tabia hiyo aliianza siku Fredrick alipokuja na maboksi yake.

Fredrick alikuwa wakala kutoka Dar, kijana nadhifu na mcheshi, aliyejifunza kusema "Mwadila" ya Kisukuma akawa anawasalimia hata mbuzi. Alimkuta Masalu kwenye kibanda chake pembeni ya mnada wa ng'ombe, Bariadi, akikata matairi chakavu kutengeneza makatambuga. Akamwambia kuna wenzake ng'ambo wanavitafuta viatu vile kwa udi na uvumba. Soko la nje halina mwisho, alisema, ila lina utaratibu wake: sampuli kwanza, halafu vipimo, halafu oda.

Sampuli ikatengenezwa hapo hapo. Kwa kiherehere cha kuonyesha ufundi, Masalu aliteleza na kisu, kikachora kovu la mshazari chini ya kisigino cha kiatu cha kushoto. Aliona haya, akataka kukata kingine.

"Acha, acha," Fredrick alisema, tayari anakitia kwenye mfuko. "Tunakitaka kilivyo."

Vipimo ndivyo vilivyoleta maneno. Ndani ya kila boksi kulikuwa na sponji laini. Ukikanyaga, unyayo wako unabaki pale, Fredrick anafunika, anaondoka nao. Aliwapima wachungaji karibu mnada mzima, ile miguu mipana yenye vidole vilivyotawanyika, ambayo viatu vya dukani huibana mpaka ikatoa malengelenge. Kila aliyekanyaga alipewa soda.

Luhaga, mchungaji wa Mwanhuzi na mteja wa Masalu tangu ujana wao, alikanyaga huku akicheka. Alipopokea soda yake akauliza, "Masalu, kama viatu vinaenda kwao, mbona wanapima miguu yetu?"

"Wewe kunywa soda," Masalu alimjibu, na watu wakaangua kicheko.

Mama yake hakucheka. "Ng'wanawane," alimwambia mwanawe jioni ile, "mtu akichukua nyayo zako, amekuchukua wewe."

"Mama, hii ni biashara."

"Hata wachawi wana biashara."

Fredrick akaenda zake na maboksi. Kwenye simu alikuwa mtamu kweli kweli: wenzake wamekipenda kiatu, mambo yanakwenda vizuri, fundi ajiandae. Masalu hakutaka oda imkute mikono mitupu. Aliuza maksai wake wawili wa kulimia, akanunua lori zima la matairi chakavu, yakapangwa nyuma ya nyumba mpaka yakaziba dirisha. Mvua zikanyesha, majirani wakalima, yeye akakaa anasubiri oda. Kisha simu ya Fredrick ikawa haipatikani.

Na Luhaga naye akapotea mnadani. Waliotoka Mwanhuzi wakasema mguu umemvimba, ule ule aliokanyagia boksi. Baadaye wakasema keshazikwa. Watu wakaanza kukipita kibanda cha Masalu kwa mbali, na waliomsalimia walimsalimia bila kusimama. Yeye mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa kucheka, akajikuta anatembea pembeni mwa njia, kwenye majani, mahali ambapo unyayo hauonekani. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Asubuhi hiyo, baada ya kumwacha mama na ufagio wake, aliwahi mnadani kabla watu hawajajaa. Pale langoni, kwenye vumbi, aliona alama ya kiatu. Mistari ya tairi, na kwenye kisigino cha kushoto, kovu la mshazari.

Masalu alisimama. Fundi halisahau kosa lake. Duniani kulikuwa na kiatu kimoja tu chenye kovu lile, na aliyeondoka nacho ni Fredrick.

Amerudi! Moyo ulimruka. Alishayaona matairi yakipungua nyuma ya nyumba, dirisha likifunguka, maksai wengine wakifungwa nira. Akazifuata zile alama mbio mbio, akapita penye mbuzi, akapita kwa mama lishe wanaowasha moto, mpaka kwenye zizi la mwisho. Kulikuwa na mtu ameinama anakagua kwato za ndama. Mtu yule akageuka.

Alikuwa Luhaga.

Masalu alirudi nyuma hatua mbili. "Luhaga? Wewe si... walisema umekufa!"

"Nani kasema? Mwiba ulinichoma, ukatunga usaha, nikalazwa. Nimepona." Luhaga alicheka, akainua mguu wa kushoto kwa madaha. "Na sasa tazama viatu hivi! Plastiki tupu, lakini havibani hata chembe, na bei yake ni kama bure. Yule rafiki yako Fredrick kafungua ghala kule stendi, meli imewaletea makontena kutoka ng'ambo. Nilipokiona tu nikajua ni mkono wako. Nikasema, kumbe Masalu ametajirika, ndiyo maana yuko kimya!"

Nyuma ya Masalu mnada ulikuwa umeanza kuchangamka, watu wakimiminika na ng'ombe wao. Akageuka kutazama alikotoka. Kutoka langoni mpaka pale aliposimama, vumbi lote lilikuwa nyayo juu ya nyayo, za wakubwa kwa wadogo, na kila kisigino cha kushoto kilikuwa na kovu la kisu chake.