Nyumba ya Mlinda Malango

Mzee Gurnam, aliyekuwa akiwatembeza wageni, alipoiteremsha ukutani fimbo ndefu yenye ndoana, akaeleza kwamba mlinda malango ya maji wa zamani aliitumia kuopoa watu waliozama mferejini, Charity alipiga hatua nyuma.

"Amesema nini?" mama mkwe wake aliuliza.

"Ni ya kusukumia mashua, Mama."

Mama mkwe huyo, Chepkoech, alikuwa amekuja Birmingham kutoka Kapsabet, Septemba ya mwaka 2006. Yeye ni Mnandi, Charity ni Mmeru, kwa hiyo tangu siku za posa walizungumza Kiswahili. Pale uwanja wa ndege Charity alimweleza kwamba mume wake, Mark, yuko kazini Uskoti, kwenye mitambo ya mafuta baharini, na kwamba simu huko hazishiki. Mama aliitikia kwa kichwa, akashughulika na mizigo yake. Hakumuulizia tena mwanawe. Kila asubuhi Charity alirudi kutoka zamu hospitalini na kukuta vyombo vimeoshwa, chai iko tayari, na Mama amekaa pembeni kama mgeni anayeogopa kusumbua. Wema ule ulimchoma kuliko maswali.

Ukweli ni kwamba Charity alikuwa amemfukuza Mark. Majira ya baridi ya mwaka juzi, aliposhindwa kuvumilia ulevi wake, alizitupa nguo za Mark nje ya nyumba yao mtaani Acocks Green na kubadilisha kitasa. Mark aligonga mpaka akachoka. Kisha akashika njia ya mferejini akipepesuka kwenye theluji, na Charity, aliyekuwa akimtazama dirishani, hakumwita.

Hakumwona tena. Alimuulizia mitaa ya Sparkbrook na Kingstanding, kwa Wakenya wote aliowajua. Kwa polisi hakuthubutu kwenda, kwa kuogopa swali la kwanza ambalo wangemuuliza. Tangu hapo alizunguka mbali ili asipite kando ya mfereji. Lakini Mama alisikia kanisani kwamba nyumba ya kale ya mlinda malango, katikati ya jiji, ingefunguliwa kwa wageni, akaomba apelekwe. Charity angemkatalia vipi?

Gurnam, mstaafu mwenye kilemba cha buluu, aliwapitisha kwenye vyumba vya dari fupi. Aliwaonyesha dirisha ambalo kwalo mlinzi alichungulia mashua zikija, akaeleza jinsi alivyofunga lango nyuma ya mashua, akafungulia maji, nayo ikainuka taratibu mpaka usawa wa juu. Mama alisikiliza kwa makini, Charity akimtafsiria. Mwishoni mzee akataka kujua kama mgeni wake ana wajukuu.

Charity alitafsiri akiwa ameinamisha uso. Mark alikuwa mtoto wa pekee, na yeye Charity hakuwahi kushika mimba.

"Mwambie Mungu ni mwema," Mama alisema, macho yakiwa sakafuni.

Charity aliona kwamba anasitiriwa aibu mbele ya mtu baki, na hapo akashindwa kuendelea. Alimshukuru Gurnam, akamshika Mama mkono, wakatoka na kuketi kwenye benchi kando ya lango. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye nyufa za mbao, meusi, yasiyoonyesha chini.

"Mama, Mark hayuko Uskoti," alisema. "Nilimfungia nje kwenye theluji, amelewa. Alikuja huku kwenye maji. Sijui kama yuko hai."

Alingoja laana. Alingoja kilio ambacho kingewageuza watu wote waliokuwa wakipita. Badala yake alisikia vidole vya yule mama vikitafuta vyake.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuja huku kukwambia, na kila siku mdomo unakuwa mzito." Mama aliukaza mkono wa Charity. "Mark yuko kwangu Kapsabet. Nilipoondoka nilimwacha akimbembeleza mtoto wake, ili mke wake apate usingizi."