Hina Kwenye Kucha

Tangu aanze dawa za saratani, kila asubuhi maswali ya hospitali yalimfikia Bi Mwanahawa kwenye simu, na kila asubuhi alibonyeza sifuri. Maumivu, sifuri. Kutapika, sifuri. Vidonda vya mdomo, sifuri, na uji wa jana ulikuwa bado kikombeni kwa kuwa haukumezeka. Kucha zilizoingia weusi alizipaka hina.

Mjini kwao, mtu akikuuliza umeamkaje unamjibu salama. Ya mwilini huyasemi mpaka mgeni akae, akuulize tena. Simu haikuwahi kuuliza tena.

Siku ya kumi na tisa alipiga Tekla, muuguzi wa wodi ya saratani.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama tu."

"Majibu yako yote ni sifuri. Daktari anasema mwili umeipokea dawa vizuri. Kesho anataka kuiongeza."

Bi Mwanahawa alizitazama kucha zake.

"Akiona inafaa, na aongeze."

Tekla hakukata simu. Alisikika akivuta kiti, akakaa.

"Na mwili wenyewe, mama, unasemaje?"

Bi Mwanahawa alikisogeza kando kikombe cha uji, simu akailaza mkekani bila kuikata. Kisha akatandaza vidole vyote kumi mbele yake, kana kwamba Tekla anaviona, akaanza kumweleza, kuanzia gumba.