Kopo la Vifungo

Nilikuwa natafuta kifungo cheupe cha shati la mjukuu ndani ya kopo la mume wangu. Nikashika kimoja kisicho na matundu.

Kilikuwa kidonge. Nikachambua kopo lote, nikapata kumi na moja, vile vile vya kutuliza mapigo alivyopewa hospitali baada ya mshtuko wa moyo. Kila asubuhi nilimpa na maji, nikamwona anameza.

Mume wangu ni fundi cherehani. Hata uongo wake hauonyeshi mshono.

"Mzee," nikamwita, "siku hizi mashati yanafungwa kwa dawa?"

Cherehani ikanyamaza.

"Vinanipoza mikono, mama watoto. Sindano siisikii vidoleni. Na mimi nimeshapona, hunioni?"

"Daktari alikukataza kuviacha ghafla. Alisema moyo uliozoea kushikwa, ukiuachia mara moja, unakurupuka."

"Daktari hashoni suruali."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Tangu uviache, kifua kinasemaje?"

"Kimetulia."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshaacha kitambaa, umepanda wenyewe hadi kifuani, ukajikandamiza hapo. Juu ya mdomo jasho lilikuwa limemtoka, na dirisha lilikuwa wazi.

Sikubishana. Nilimwita jirani mwenye gari kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kisha nikapiga magoti chini ya meza, nikautoa mguu wake kwenye pedali, nikaanza kumvika kiatu.

"Na suruali ya watu?" aliuliza, taratibu.

Nikakaza kamba.